Msusi Aliyepanda Ndege na Kichwa cha Mtu

Mtaani walimwita Chanuo. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho, na mdomoni mwa mama yake siku akikasirika. Alikuwa msusi. Chumba chake cha kazi kilibanwa katikati ya fundi simu na muuza magodoro, nacho kilikuwa na viti viwili, kioo kimoja chenye ufa uliompa kila mteja pua mbili, na kochi la wanaosubiri, ambalo springi yake moja ilikuwa na tabia ya kuwasalimia watu bila hodi.

Humo ndani kulikuwa na sheria moja tu: kichwa hakiachwi nusu. Umeme ukikatika, Chanuo alisuka kwa tochi ya simu, na tochi yenyewe aliishika mteja kwa meno. Mvua ikivuja, kiti kilisogezwa, mikono haikutoka kichwani. Siku moja fundi simu alipiga kelele, "Moto! Moto!" na nyumba nzima ikamwagika barabarani (kumbe ilikuwa betri tu, inafuka moshi). Chanuo naye alitoka. Ila alitoka akisuka, mteja mbele, yeye nyuma, kama treni ya mabehewa mawili.

"Nusu kichwa ni aibu nzima," alikuwa akisema, "tena aibu hiyo si ya mteja, ni yangu. Mtu akisukwa vibaya haulizwi 'umefanya nini.' Anaulizwa 'nani kakufanyia?'"

Ndipo ikaja barua. Saluni moja kubwa, nchi ya mbali kabisa, ilikuwa inatafuta msusi mmoja wa kwenda kukaa miaka miwili, kufanya kazi na kujifunza. Watu arobaini walituma picha za video za mikono yao ikisuka. Iliyochaguliwa ilikuwa mikono ya Chanuo. Nyumbani ilisomwa barua hiyo mpaka karatasi ikalainika kama kitambaa, na mstari uliosomwa kuliko yote ulikuwa wa mwisho: *Asiyekuwa amefika Jumatatu saa tatu asubuhi, nafasi yake atapewa anayefuata kwenye orodha.*

Tangu siku hiyo, Anayefuata akawa mtu. Hakuna aliyejua kama ni mwanamke au mwanamume, mrefu au mfupi, lakini nyumba nzima ilimchukia kwa moyo mmoja.

"Bado umelala?" Mama alikuwa akigonga mlango asubuhi. "Anayefuata saa hizi ameshaoga!"

"Unakula kidogo hivyo?" Mjomba alikuwa akisema. "Anayefuata anamaliza sahani, anaongezwa."

Mjomba hakuwahi kupanda ndege. Lakini alikuwa ameosha magari miaka kumi na moja kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, na elimu ikamwingia kwa upepo. Siku ya safari alimkalisha mpwa wake akampa mafunzo.

"Ndege ikitikisika usiogope. Inapita kwenye matuta."

"Matuta angani, Mjomba?"

"Sasa wewe unafikiri huko juu nani anasawazisha?"

"Na ikinyamaza ghafla?"

"Inafikiri. Usiisumbue."

Mama yeye alikuwa na neno moja tu, nalo alilingoja mpaka pale mlango wa kioo wa uwanja wa ndege, ambapo wasindikizaji hawaruhusiwi kupita. Alimshika binti yake viganja vyote viwili.

"Mwanangu. Kula watakachokupa, kaa watakapokuweka. Wewe sikuhofii. Naihofia hii mikono."

"Imefanya nini, Mama?"

"Haina adabu. Ikiona kichwa haipigi hodi. Nakuomba, safari nzima usishike kichwa cha mtu. Utachelewa, Anayefuata akae kwenye kiti chako. Niahidi."

"Naahidi."

"Inua mikono juu ndipo useme. Isije ikawa huko chini inajiandaa."

Chanuo akainua mikono juu, akaahidi. Mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni naye akainua ya kwake, akidhani ndio utaratibu.

Safari ilikuwa hivi: ndege ya kwanza saa tisa hewani, kisha kushuka kwenye uwanja mkubwa wa nchi ya katikati na kungoja saa mbili, kisha ndege ya pili, saa kumi na moja nyingine, kufika Jumatatu alfajiri. Ndege ya kwenda huko ilikuwa moja tu kwa siku. Ukiikosa, unafika Jumanne. Na Jumanne, kila mtu nyumbani alikuwa anajua, ilikuwa siku ya Anayefuata.

Ndege ilipopaa, Chanuo alishangaa mpaka akasahau kuogopa. Mawingu, kumbe, yana mgongo! Miaka yote alikuwa akiyaona matumbo tu. Kulikuwa na meza iliyojificha mgongoni mwa kiti cha mbele. Kulikuwa na choo ambacho ukibonyeza kitufe kinanguruma kwa hasira, kana kwamba umekikuta kinakula. Akarudi kitini akiwa na mambo mia ya kumsimulia Mama, akaketi, akafunga mkanda. Hapo ndipo jirani yake wa dirishani alipovua kitambaa.

Jirani alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, wa miaka thelathini na kitu. Uso wake ulikuwa mzuri. Lakini kichwa! Chanuo alikitazama mara moja akageuka upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu. Mstari wa kwanza ulianza vizuri pale kwenye paji, ukafika utosini ukapotea, halafu ukaibuka karibu na sikio ukiwa na watoto wawili. Wa pili ulikuwa umelala juu ya wa tatu. Kisogoni palikuwa na kitu ambacho hakikuwa mstari wala fundo. Pengine kilikuwa majuto.

Chanuo akaikalia mikono yake.

Akasoma kadi ya usalama. Akaisoma tena. Vidole vikaanza kucheza chini ya mapaja. Mhudumu wa ndege akapita, akainama.

"Dada, unasikia baridi?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Nimeahidi," akasema Chanuo kwa sauti nyembamba.

Mhudumu akamletea blanketi. Chanuo akaifunga mikono humo kama mtoto mchanga, akavumilia dakika ishirini kamili. Kwa msusi, dakika ishirini ni mfungo.

"Samahani, dada yangu," akasema mwishowe. "Nani kakusuka?"

"Mdogo wangu."

"Mna ugomvi?"

"Hatuna. Kwa nini?"

"Naulizia tu."

Jirani akacheka mpaka meza ikaruka. "Sema ukweli wako. Ni vibaya sana?"

"Ulikuwa mtindo gani?"

"Alisema ni twende kilioni."

"Basi mmefika."

Jirani akacheka tena, halafu kicheko kikamwisha taratibu, akajishika kichwa. Chanuo akamuuliza anafanya kazi gani. Akasema yeye ni mpima ardhi. Huweka mipaka ya viwanja.

"Hapa juu," akasema Chanuo, "kuna mipaka yenye kesi."

Kumbe Mpimaji naye alikuwa safarini kwenda kukaa. Mume wake alimtangulia ng'ambo mwaka jana, kwenye nchi tofauti na ile ya Chanuo, na huko aliishi na mama yake. Mpimaji hakuwahi kuonana na mama mkwe uso kwa uso. Walionana kwenye simu tu, na kila mara yule mama alizitazama nywele kwanza, akaguna, ndipo akasalimia.

"Kesho atanipokea uwanjani," akasema. "Na hiki kichwa. We dada, huwezi kuninyooshea huu mmoja wa mbele tu?"

Chanuo alimfikiria Mama. Akamfikiria Anayefuata. Akafikiri kwamba ndege yenyewe iko angani, saa tisa nzima, hakuna mtu anayechelewa akiwa angani.

"Mmoja tu," akasema.

Waulize wasusi wote duniani: hakuna kitu kinachoitwa mmoja tu. Aliufumua wa mbele, ule uliokuwa umeuegemea ukaanguka, ule wa tatu ukafuata kwa huzuni, na baada ya saa moja kichwa kizima kilikuwa wazi, nywele zimesimama kila upande kama mtu aliyepigwa na radi akasamehe. Na kwa kuwa Chanuo hakujua kusuka kwa kujikwepesha, hakuchagua mistari minene ya haraka. Alichagua myembamba. Thelathini.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Saa saba na ushee zilizobaki, mistari thelathini, atamaliza na muda wa kunywa chai. Lakini hesabu haikuwa imepanda ndege kabla ya hapo. Kwanza kikaja chakula, na mikono yenye mafuta ya nywele haikubaliani na mkate. Halafu yakaja matuta, yale yale ya Mjomba, na taa ya mkanda ikawaka. Mhudumu akamkuta Chanuo amepiga magoti juu ya kiti, meno yameshika kibanio.

"Kaa, dada, ufunge mkanda!"

"Nimeshika."

"Umeshika nini?"

"Kichwa."

"Kichwa hakina mkanda. Kaa!"

Akakaa nusu saa, kisha nusu saa nyingine. Halafu taa zikazimwa watu walale, na bwana wa kiti cha nyuma akalalamika kwamba kila akitazama filamu yake anaona kiwiko. Ikabidi asuke kwa kupapasa. Walipotangaziwa kwamba ndege inashuka, alikuwa amemaliza mistari kumi na minane. Upande wa kushoto, Mpimaji alikuwa bibi arusi. Upande wa kulia, alikuwa mtu anayetafutwa na polisi.

"Tuna saa mbili hapa chini," Mpimaji akamtuliza. "Zinatosha."

"Zinatosha," akasema Chanuo. Hakuuachia msuko wa kumi na tisa, kwa sababu alikuwa ameshauanza, wakashuka ngazi za ndege hivyo hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Uwanja wa nchi ya katikati ulikuwa mkubwa kama mji uliofunikwa bati. Kabla ya kuingia, palikuwa na ukaguzi. Mizigo ikapita kwenye mashine. Ndani yake likaonekana chanuo lake la kusukia, lile la mkia wa chuma. Kwenye uwanja wa nyumbani walilitazama wakalirudisha. Huku walilitazama wakabaki nalo. Chanuo aliliaga kwa macho, akatoa mfukoni uma wa plastiki aliobaki nao kwenye chakula, akaendelea na kuchana.

Tatizo likawa lile geti la ukaguzi, lile lisilo na mlango ambalo mtu hupita peke yake. Mpimaji akapita, mkono wa Chanuo ukapita naye, geti likapiga yowe. Askari wa ukaguzi, kijana mrefu mwenye glavu, akaonyesha vidole: mmoja, mmoja.

Sasa, Chanuo alikuwa amejifunza lugha ya ugenini kwa miezi minane, na huku ndiyo waliyoizungumza. Lakini alikuwa amejifunza kwa ajili ya kazi. Maneno ya nywele aliyajua vizuri sana. Mengine yote, vibaya sana. Hakuweza kumweleza askari habari za mama mkwe wala za Anayefuata. Alichoweza kusema, tena kwa matamshi safi kabisa, ni hiki:

"Shika hapa. Usilegeze. Vuta kidogo."

Na yule askari, sijui ni ile sauti ya mtu wa kazi au nini, akashika. Akasimama wima, ncha ya msuko katikati ya vidole viwili vya glavu, kama mtu aliyekabidhiwa bendera. Chanuo akapita kwenye geti, geti likanyamaza, akaenda kuupokea msuko.

"Umelegeza," akamwambia.

"Samahani," akasema askari.

Mkubwa wake alikuwa akipita wakati huo. Alitazama, akaendelea na safari zake kama mtu aliyeamua kwamba hakuona.

Toka hapo Chanuo hakuinua macho. Aliona mistari tu. Ishirini. Ishirini na moja. Mpimaji akitembea, anatembea. Akisimama kutazama vibao, anasimama. Akikaa, anakaa nyuma yake. Ishirini na nne. Kulikuwa na maduka ya manukato, alisikia harufu. Kulikuwa na mtoto aliyelia, alimsikia. Lakini dunia yote ilikuwa na upana wa kichwa kimoja. Ishirini na tano. Kichwa kikasogea hatua moja, akasogea. Kikasogea tena. Akatoa kadi yake ya ndege kwa mkono mmoja, kwa sababu mtu alikuwa ameomba kadi.

Mashine ikawaka nyekundu.

"Dada," akasema mwanamke wa mlangoni, "hii siyo ndege yako."

Chanuo akainua macho kwa mara ya kwanza baada ya saa moja na robo. "Hapa wapi?"

"Mlango wa nne."

"Wangu ni sitini na moja. Uko wapi?"

Mwanamke akanyoosha mkono mzima, akaunyoosha tena zaidi, kwa namna mtu anavyoelekeza nchi nyingine. Juu ya kichwa chake palikuwa na kibao cha saa na ndege, na kwenye mstari wa mlango wa sitini na moja palikuwa pakiwakawaka maandishi mekundu: *Mwito wa mwisho.*

Moyo wa Chanuo ulishuka ukagonga viatu. Ile mikono isiyo na adabu! Alimwona Anayefuata waziwazi, ameoga, ameshiba, amebeba begi, anaketi polepole kwenye kiti chake.

"Kimbia," akasema Mpimaji.

"Bado mitano."

"Nimesema kimbia!"

"Siwezi kukuacha nusu, dada! Mkwe atauliza nani kakufanyia!"

Mpimaji akageuka akaitazama foleni ya ndege yake, iliyokuwa imejikunja mara tatu kama nyoka aliyeshiba. Akapima kwa jicho. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Watu mia tatu. Dakika arobaini," akasema. "Twende wote."

"Wewe je ukiachwa?"

"Mimi nachelewa kwa mkwe, na mkwe haendi popote. Wewe una Anayefuata. Shika kichwa, twende!"

Wakakimbia. Hakuna aliyeona kitu kama kile kwenye uwanja ule: mwanamke mnene mbele, begi kifuani, shingo imenyooka asiuvunje mstari, na nyuma yake mwembamba, uma wa plastiki mdomoni, mikono mbele, anasuka. Watu waliwapisha kwa heshima, kila mmoja akidhani ni ugonjwa. Mzee mmoja aliwavulia kofia.

"Punguza mwendo, naruka nywele!" Chanuo akapaza sauti.

"Nikipunguza unaachwa!"

"Basi usitikise!"

"Mimi ndivyo ninavyokimbia, kote kunatikisika!"

Kilichowaokoa ni sakafu zinazotembea. Wenye uwanja, Mungu awazidishie, walitandika njia ndefu za mpira ambazo ukisimama juu yake zinakubeba zenyewe. Zilikuwa nne. Juu ya ya kwanza Chanuo alimaliza mstari wa ishirini na sita. Juu ya ya pili, wa ishirini na saba. Ya tatu ilikuwa mbovu, wakaipita mbio wakiitukana. Ya nne ilikuwa ndefu, na mbele yao alisimama mtu mwenye mizigo aliyeziba njia, wakashindwa hata kutembea, na kwa mara ya kwanza Chanuo akamshukuru mtu aliyeziba njia. Ishirini na nane.

Mlangoni pa sitini na moja palikuwa patupu. Viti vitupu, kamba za foleni tupu, na mhudumu mmoja aliyekuwa tayari ameshika kitasa.

"Abiria wa kiti thelathini na nne?" akauliza.

"Ndiye huyu," akahema Mpimaji, ambaye lugha ile aliijua yote.

"Aingie. Nafunga."

"Mpe dakika nne."

"Dada, ndege haingoji."

Mpimaji hakubishana. Aligeuza tu kichwa, polepole, kushoto, kisha kulia. Kushoto mistari imelala sawa kama shamba la kitabuni. Kulia, juu ya sikio, kichaka. Mhudumu akatazama. Mkono wake ukapanda wenyewe ukagusa nywele zake chini ya kofia ya kazi.

"Unakwenda wapi na hivyo?"

"Kwa mama mkwe. Mara ya kwanza."

"Uuuh," akasema mhudumu. Akatazama saa ya ukutani. "Mbili. Siongezi."

Dakika mbili hizo vidole vya Chanuo havikuonekana. Mstari wa ishirini na tisa ulitoka kwenye panja, ukapanda, ukapinda kwa ustadi nyuma ya sikio, ukashuka, ukafungwa. Akatenga wa thelathini. Akashika mafungu matatu ya nywele, akaanza mshono wa kwanza.

"Sasa," akasema mhudumu.

"Acha," akasema Mpimaji.

Mikono haikuacha. Chanuo mwenyewe aliitazama kama mbwa wa jirani. "Haitaki."

"Acha, nimekwambia. Kichwa ni changu, nimekuruhusu."

"Kichwa hakiachwi nusu!" Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Nisikilize. Mimi ni mpima ardhi mwenye leseni. Nusu naijua. Hii siyo nusu. Hii ni moja ya thelathini!"

Chanuo akafikiri. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyewahi kumletea kipimo halali. Akafungua kidole cha kwanza, akafungua cha pili, nywele zikateleza, na mkono wote ukawa mtupu na mwepesi kwa namna ya ajabu. Mpimaji akamkumbatia, akamwandikia namba ya simu kwenye kiganja, akamsukuma mlangoni kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kusimika mawe ya mipaka. Halafu akageuka, akaanza kukimbia kuelekea mlango wa nne, na ule mstari mmoja uliobaki ulimpungia Chanuo kwa nyuma mpaka ukapotea.

Kiti cha thelathini na nne kilikuwa kando ya mzee mwenye upara. Upara mzima, unaong'aa, sahani ya kaure bila ua hata moja. Chanuo alimshukuru Mungu, akamshukuru na mzee, akalala saa nane. Vidole havikulala. Alipoamka alikuta mzee anazitazama kwa mshangao nyuzi za pindo la blanketi lake mwenyewe. Zote zilikuwa zimesukwa.

Jumatatu, saa tatu kasoro dakika kumi na mbili, alisimama mbele ya saluni. Ilikuwa na viti kumi na sita na vioo vyenye taa pembeni. Mwenye saluni alikuwa bibi mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa mnyororo. Alivaa miwani, akatazama orodha, akatazama saa, akaweka alama ya kalamu.

"Umefika," akasema. "Vizuri."

Ndiyo hivyo tu! Anayefuata, popote alipokuwa, alifutika kwa alama moja ndogo ya kalamu. Chanuo akakunja mikono ya blauzi, akauliza aanze na kichwa kipi.

"Kichwa?" Bibi akamkabidhi ufagio. "Wiki ya kwanza hapa hakuna anayeshika kichwa. Unafagia na kutazama."

Chanuo akavitazama vidole vyake kumi, vilivyovimba kama ndizi za kuiva. Akasema asante kwa furaha ya kweli mpaka bibi akavua miwani kumwangalia vizuri.

Alifagia mpaka karibu na mchana, na alipokuwa anapita kiti cha tisa simu ikalia mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Mpimaji, umejaa kicheko; ile namba ya kiganjani Chanuo alikuwa ameitumia salamu tangu alfajiri. Chanuo akaisogeza sikioni.

"Dada Chanuo! Ndege niliipata, nilikuwa wa mwisho kabisa, walinipigia makofi. Sasa sikia. Mama mkwe kaniona uwanjani. Hakusalimia. Kanizunguka. Kushoto kaguna, lakini guno zuri. Kulia kaona ule uliobaki umesimama. Akaniuliza, 'Nani kakufanyia?' Nikamsimulia yote. Askari, sakafu, mlango. Dada, yule mama alicheka mpaka akakaa juu ya mkokoteni wa mizigo! Halafu tulipofika nyumbani akasema, 'Kaa chini hapa.' Kaumalizia mwenyewe. Saa nzima! Saa nzima tumepiga stori, kanipa siri za mwanawe zote. Nakutumia picha."

Picha ikaingia. Chanuo akaikuza. Mistari ishirini na tisa ilipita kama iliyochorwa kwa rula. Wa thelathini ulikuwa mnene kama kidole gumba, ulianzia mahali pasipostahili, ukayumba, ukamkanyaga jirani yake, na mwishoni ukafungwa kwa fundo la kufungia gunia.

Chanuo akaegemea ufagio. Akaandika: *Ufumue.* Akafuta. Akaandika: *Ufumue taratibu, asione.* Akafuta. Bibi mwenye saluni alikuwa akimtazama kutoka kwenye meza yake.

Mwisho akaandika: *Mwambie mama ana mkono mzuri.* Akatuma, akarudisha simu mfukoni, akafagia hatua tatu. Kisha akaitoa tena.

*Lakini miaka miwili yangu ikiisha,* akaandika, *huo wa thelathini nakuja kuuchukua.*